Sauti Imefunguka!

Akina mama wenzetu, mwezi huu tulikuwa tumejiandaa kuwaandikia juu ya achari ya maembe, lakini hapa nyumbani kwetu Mabawa limetokea jambo, na achari itabidi isubiri. Jambo lenyewe ni waya. Urefu wake ni mita moja na nusu, una rangi ya zambarau, na ncha zake zinang'aa kama pete ya bibi harusi. Umegharimu shilingi 60,000.

Mzee wa nyumba alirudi nao Jumamosi jioni kutoka mjini, ndani ya mfuko mweusi, akipita mlangoni kwa upole usio wa kawaida yake. Sisi tulikuwa tunapeta mchele uani. Akaenda moja kwa moja sebuleni, akachomoa ule waya mwembamba mweusi unaounganisha televisheni na sabufa, ule uliokuja bure ndani ya boksi, akachomeka wake mpya. Akaweka wimbo wa kwaya. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba macho, akasema, "Mama watoto, njoo usikie! Sauti imefunguka!"

Tukaenda na ungo mkononi, tukasikiliza. Na hapa ni lazima tuseme kweli: tulisikia. Besi ilikuwa imenenepa, na sauti za kwanza zilikuwa kama zimetoka uani zikaingia ndani. Tukasema, "Kweli baba, imefunguka." Ndipo tukauliza bei.

Baada ya kutajiwa bei, ilijifunga tena.

Mtaelewa kwa nini. Binti yetu amepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na orodha ya mahitaji ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kabati: tranka, ndoo mbili, ufagio wa chelewa, shuka za buluu, godoro. Vyote tulikwisha kuvipata na kuvipiga alama ya vema, isipokuwa kimoja. Zile 60,000 zilikuwa ni godoro.

Hatukugombana usiku ule. Tulinyamaza, jambo ambalo kila mume anajua ni baya zaidi. Asubuhi tulipomwuliza kwa upole ni nini hasa kilichomo katika waya ule, alieleza kama alivyoelezwa dukani: ncha zake ni za dhahabu, na umeme wa sauti unapenda dhahabu, unapita bila kukwaruzwa. Muuzaji alimfanyia na majaribio palepale. Aliweka waya wa kawaida, wimbo ukapigwa. Akaweka ule wa zambarau, wimbo ukapigwa, na hata mpita njia akasimama.

Basi tukaanza kuulizauliza, kwa fundi redio, kwa kijana wetu anayesoma fizikia, na kwa vitabu vyake. Madini yanayopitisha umeme vizuri kuliko yote ni fedha, ya pili ni shaba, na dhahabu ni ya tatu. Yaani ule waya mweusi wa bure, ambao ndani yake ni shaba, haukosi chochote. Sifa ya dhahabu ni nyingine: haishiki kutu. Kwetu pwani, ambako upepo wa bahari unakula hata bawaba za madirisha, hiyo si sifa ya kudharau. Lakini dhahabu inayopakwa kwenye ncha hizo ni utando mwembamba mno, na mara nyingine si dhahabu kabisa, ni unjano tu. Kutu ya ncha za kawaida inaondoka kwa pamba na spiriti, au kwa kuchomoa na kuchomeka mara mbili tatu. Na kuhusu lile jaribio la dukani, fundi alicheka. Alisema ukiongeza sauti kidogo tu, kiasi ambacho mtu hatambui kuwa imeongezwa, kila msikilizaji atasema hii ya pili ni safi zaidi. Mkono wa muuzaji ulikuwa wapi wakati anabadilisha waya? Mzee wa nyumba hakukumbuka.

Tukiwa bado tumo katika uchunguzi, tukaisoma na sabufa yenyewe. Mbele imebandikwa karatasi ya kung'aa: wati 8,000, na pembeni herufi PMPO. Nyuma, kwa maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, imeandikwa wati 40. Ni ipi iliyo kweli? Akina mama, hapa hatuhitaji fundi. Pasi ya umeme ni wati 1,000 hivi, na sote tunajua inavyofanya LUKU ikimbie. Kama sabufa ingekula wati 8,000, ingekuwa ni pasi nane zimewashwa sebuleni kwa pamoja, uniti nane kwa saa moja. Wimbo wa kwaya usingefika ubeti wa mwisho. Tukaendelea na hesabu kwa kujifurahisha. Kituo kipya cha Pangani Falls, kilichoanza kuzalisha umeme katika miaka ya 1990, kina uwezo wa megawati 68. Gawanya kwa wati 8,000. Sabufa 8,500 zikiwashwa siku ya Krismasi zingemaliza mto mzima, na Tanga yote ingekaa gizani ikisikiliza ngoma.

Hizo herufi PMPO hazina kipimo kilichokubaliwa na mamlaka yoyote. Kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe nguvu inayoweza kuchomoza kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha anaikuza kadiri dhamiri yake inavyomruhusu. Ukienda kununua, geuza kitu nyuma usome huko. Sisi hufanya hivyo hivyo tunaponunua samaki: hatumwangalii mgongoni tu.

Lakini msitusome vibaya mkadhani kuwa tunadharau kila ujanja wa sauti. Waliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka betri za National zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kusikiliza mchezo wa redio jioni. Ule haukuwa ushirikina. Joto huamsha kemikali zilizomo ndani ya betri, na unapata dakika zako chache kabla haijakata roho. Vivyo hivyo waya wa shaba uliofungwa kwenye antena na kutolewa nje hadi kwenye mnazi: ulisaidia kweli kukamata stesheni ya mbali. Na wale vijana waliokuwa wakitia spika ndani ya mtungi wa udongo hawakuwa wajinga, kwa sababu spika iliyo uchi hupoteza besi, na mtungi huirudisha. Hata leo ukiiweka simu ndani ya bakuli utasikia tofauti, na bakuli hulikuwa na haja ya kulinunua. Mambo haya yote yana alama moja: mtu asiyejua umefanya nini, akiwa jikoni, atauliza, "Mbona redio imeongezeka?"

Wala msidhani waliotekwa na nyaya ni wanaume wa Tanga peke yao. Huko Ulaya na Marekani kuna mabwana ambao ukiwasikia utamshukuru Mungu kwa wako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulienea uvumi kwamba ukipaka wino wa kijani ukingoni mwa CD, muziki unakuwa safi. Kalamu maalumu zikauzwa. Watu wazima, wenye elimu na miwani, wakakaa mezani kupaka rangi CD kama watoto wa chekechea. Kule Leeds, Uingereza, Bwana Peter Belt alishauri watu waweke picha zao wenyewe ndani ya friji ya barafu ili wasikie muziki vizuri zaidi. Picha yako, katikati ya samaki na barafu! Na wapo walioapa kwamba walisikia tofauti.

Kisa tulichokipenda zaidi ni cha mwaka 2007. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Pear ilikuwa inauza waya wa spika, mita tatu na nusu hivi, kwa dola 7,250. Hayo ni mamilioni ya shilingi. James Randi, mwanamazingaombwe mashuhuri aliyetumia uzee wake kuwaumbua matapeli, akatangaza kwamba atatoa dola milioni moja kwa yeyote atakayeweza kuutofautisha waya huo na waya wa kawaida kwa masikio peke yake, bila kuambiwa upi ni upi. Mwandishi mmoja wa magazeti ya muziki alijitokeza, maneno yakawa mengi, na mwisho jaribio halikufanyika. Dola milioni moja zikabaki pale pale zilipokuwa.

Tulipomsimulia mzee wa nyumba habari hiyo wakati wa kahawa, alitazama kikombe chake kwa muda. Kisha akasema, "Sisi tutalifanya."

Tunamsifu kwa hilo, na tunataka ieleweke kwamba ni yeye aliyesema.

Tulilifanya Jumapili baada ya chakula. Sabufa na televisheni tukazifunika kwa kitenge. Kitufe cha sauti tukakitia alama kwa rangi ya kucha ili kisisogezwe hata kidogo. Kijana wetu akakaa nyuma ya kitenge na shilingi: ikianguka kichwa anaweka waya wa zambarau, ikianguka mwenge anaweka mweusi, na kila mara achomoe na kuchomeka hata kama ni ule ule, ili tusiubashiri kwa kelele za mikono. Mara kumi, wimbo ule ule, kipande kile kile. Wasikilizaji tulikuwa watatu: mzee, sisi, na jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa Kiislamu ambaye masikio yake yamelelewa na taarabu ya Tanga, enzi za Black Star na Lucky Star. Huyo ukikosea nyuzi moja ya fidla atakuambia ni ya ngapi.

Mzee alipata tano katika kumi. Mara ya saba alinyanyua kidole na kusema, "Huu ndio wenyewe, dhahabu hiyo," na ulikuwa ule mweusi wa bure. Tano katika kumi ndizo ambazo angepata mbuzi wetu kama tungemfundisha kuchagua. Sisi tulipata nne. Ni afadhali mbuzi. Jirani yetu alikataa kubashiri. Kila mara alisema, "Sawasawa na ile ya kwanza, mwanangu," na mara ya nane akaomba kubadilishiwa wimbo.

Hakuna aliyecheka. Watoto tulikuwa tumewakanya mapema. Kilichotunyamazisha sisi ni kukumbuka ile Jumamosi jioni. Hatukuwa tumemdanganya mzee tuliposema imefunguka. Tuliisikia kwa masikio yetu haya. Mpishi yeyote anajua kwamba mchuzi ule ule ukitiwa kwenye bakuli la wageni unakuwa mtamu zaidi. Sikio nalo lina bakuli lake. Na ndani ya droo yetu wenyewe, chini ya vitambaa, kuna kikopo cha mafuta ya kuondoa mabaka ambacho hatutakitajia bei hapa, na kile kisanduku cha kuchomeka ukutani kilichoahidi kupunguza matumizi ya LUKU. Kina taa ndogo ya kijani. Kazi tuliyoiona kikiifanya ni kuwaka hiyo taa.

Mzee hakusema neno. Baadaye tulimsikia sebuleni akisogeza vitu. Aliitoa sabufa juu ya kabati la vyombo, ambako kila besi ilikuwa ikitetemesha vikombe, akaiweka chini sakafuni juu ya vipande vinne alivyovikata kwenye kandambili kuukuu. Zile spika mbili ndogo, zilizokuwa nyuma ya pazia, akazipandisha juu ya stuli, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Akapiga wimbo ule ule wa kwaya. Sisi tulikuwa jikoni, hatujui lolote, na tukauliza, "Mbona imekuwa hivyo?"

Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni kandambili tu.

Siku ya pili aliurudisha waya dukani. Wakamwambia mali ikishauzwa hairudishwi, na kweli kibao kipo ukutani. Jioni akaja rafiki yake wa Chumbageni, mpenzi wa muziki kama yeye, akauona waya mezani, akaushika kama mtu ashikaye mtoto mchanga. "Nitakupa 50,000 sasa hivi," akasema, na mkono ukaingia mfukoni.

Tulikuwa tumesimama mlangoni na trei ya chai. Mzee alitutazama, nasi tukamtazama. Shilingi 50,000, na shule inafunguliwa wiki ijayo. Tunakiri kwamba moyo wetu ulikuwa na majibu mawili, na la kwanza kufika halikuwa zuri.

"Shemeji," tukasema, "kunywa chai kwanza. Halafu mzee atakueleza tulichofanya Jumapili."

Alieleza, tena vizuri, pamoja na ile mara ya saba. Shemeji alicheka hadi akamwaga chai, kisha akasema hata hivyo rangi yake ni nzuri, akauchukua kwa 5,000. Godoro tulilipata kwa kubadilishana zamu ya upatu na mama mmoja wa kikundi chetu, na binti ameondoka nalo juu ya basi, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Achari ya maembe ni mwezi ujao.