Kukaa Karibu na Hospitali Si Kutibiwa

Kuna imani iliyoota mizizi kwamba mkazi wa Dar es Salaam hana haki ya kulalamikia matibabu. Shida ya hospitali, tunaambiwa, ni ya kijijini. Mjini kuna Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala, tena zahanati za watu binafsi zimejaa mitaani. Basi anayefia Tandale kwa maradhi yanayotibika amejitakia.

Imani hii ni ya uongo, na inaua.

Mtazame mama lishe wa Manzese ambaye mwanawe anaharisha tangu usiku. Zahanati anaifikia kwa miguu. Lakini foleni ya asubuhi inamkuta saa zilezile za kuuza chai na chapati, na asipouza leo, kesho hana mtaji wa unga. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure. Bure hiyo huishia kwenye dirisha la dawa, pale anapoambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Hapo mama anajiuliza swali la haki kabisa: kama mwisho wa safari ni duka la dawa, kwa nini nisianzie huko? Ananunua vidonge kwa kadiri ya shilingi alizo nazo, nusu dozi, anarudi jikoni.

Halafu wenye kadi za bima za kazini wanamsema kwamba watu wa uswahilini wanapenda kujitibu. Hawapendi. Wamepiga hesabu, na hesabu yao haina kosa.

Anayebisha arejee utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16. Ulikuta kwamba, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, wachanga waliokufa mijini walikuwa wengi kuliko vijijini. Mijini, penye madaktari bingwa na lami!

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wanakula kwa walichopata siku hiyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mtu anayepokea ujira kila jioni hawezi kutoa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Aruhusiwe kulipa kidogo kidogo, kama anavyopata.

Halmashauri zisijipime kwa majengo. Zifungue zahanati jioni, kibarua akishatoka kazini. Zibandike ukutani, kwa maandishi makubwa, nani anastahili msamaha wa malipo na ofisa gani wa ustawi wa jamii anayeushughulikia. Na kabla ya kukata utepe wa jengo jingine, zijaze dawa kwenye rafu za zahanati zilizopo.