Tikiti ya Mlangoni au Meza ya Wakubwa?



Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja anayeishi katika kambi ya polisi. Mumewe, ambaye ni Inspekta, amechaguliwa kwenda Japani kwa mafunzo ya majuma sita pamoja na maofisa wenzake watatu. Mama huyo anaandika hivi:

"Baba watoto ni mtu wa kazi, wala si mlevi. Lakini wenzake wamekwisha kukubaliana kwamba Jumamosi ya mwisho, kabla ya kurudi nyumbani, watakwenda katika klabu ya dansi mjini Tokyo, na mmoja wao anataka walipie meza ya V.I.P. tangu sasa. Sisi tunajenga. Nyumba imefika kwenye lenta, na posho ya safari hii ndiyo tuliyoitazamia inunue mabati. Sitaki kumzuia asione mji wa watu. Nataka kujua tu: usiku mmoja huo hugharimu kiasi gani, na ni tikiti ipi iliyo ya haki?"

Swali hili ni la busara, nasi tunampongeza mama kwa kuuliza kabla ya ndege kuondoka Entebbe. Wengi huuliza baada ya kurudi, wakati ambapo kilichobaki ni majuto. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kwa watu wanne, tikiti ya kawaida iliyonunuliwa mapema yatosha kabisa. Tena, iwe tikiti au iwe meza, jumla ya hesabu na ijulikane kabla mtu hajakaa kitini.

Dansi na sheria

Afande na ajue kwanza anaingia mahali pa namna gani. Katika nchi ya Japani, dansi la usiku lilikuwa jambo la polisi kwa miaka mingi. Sheria iliyotungwa mwaka 1948 ilizitaka nyumba za dansi ziwe na leseni, na leseni hiyo haikuruhusu wateja kucheza usiku wa manane. Hata hivyo klabu nyingi ziliendelea hadi alfajiri, na wakubwa wakafumba jicho. Mwaka 2012 polisi wa Osaka waliiingilia klabu iitwayo Noon, na mwenye klabu akashtakiwa. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya nchi, naye akatoka bila hatia. Wakati huo huo Bunge liliirekebisha sheria mwaka 2015, na tangu Juni 2016 klabu yenye leseni inayostahili, katika mitaa iliyoruhusiwa, inaweza kuchezesha dansi usiku kucha mradi taa zake zitoe mwanga unaozidi luksi 10.

Kwa sababu hiyo wenye klabu hulinda leseni zao kama mboni ya jicho. Mlangoni kila mtu huombwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, hata kama kichwa chake kimejaa mvi. Umri wa utu uzima ulishushwa hadi miaka 18 mwezi Aprili 2022, lakini pombe na sigara zimebaki kwa waliotimiza miaka 20, na klabu nyingi hazimwingizi aliye chini ya hapo. Kwa mgeni wa muda mfupi, kitambulisho ni pasipoti yenyewe. Kivuli chake hakitoshi, wala kadi ya kazi ya polisi au ya jeshi si badala yake. Isitoshe, sheria ya huko humtaka mgeni awe na pasipoti yake wakati wote. Basi afande asione amedharauliwa akiulizwa; aitoe, airudishe katika mfuko wa ndani, afunge kifungo.

Mavazi nayo huangaliwa. Ndara, kaptura na fulana ya mazoezi huweza kumrudisha mtu nje hata akiwa na tikiti mkononi. Viatu vya kufunika, suruali ndefu na shati safi vinamtosha mwanamume.

Tikiti ya kawaida

Katika matangazo ya klabu na ya tamasha, msafiri ataona maneno mawili ya Kijapani. La kwanza ni maeuri, yaani tikiti inayouzwa kabla ya siku. La pili ni tojitsu, yaani bei ya siku yenyewe mlangoni. Mara nyingi ile ya mapema huwa nafuu. Katika klabu kubwa za Tokyo na Osaka, kiingilio aghalabu huwa kati ya yeni 1,000 na 4,000 kwa kufuata siku, saa na jina la mpiga santuri. Ijumaa na Jumamosi ni ghali kuliko siku nyingine. Anayewahi kufika hulipa kidogo pengine, na wanawake katika nyumba nyingi hulipa pungufu au huingia bure.

Katika tikiti yoyote, mnunuzi na asome mambo matatu. Je, kinywaji kimoja kimo ndani ya bei, au kitalipiwa mbali? Zipo nyumba zinazomlazimu kila anayeingia kununua kinywaji cha kwanza. Je, tikiti yafaa kwa usiku wowote, au Jumamosi na sikukuu zimetolewa? Hili ni muhimu hasa kwa zile tikiti za kuzungukia klabu kadhaa wanazouziwa watalii. Na tatu, je, mtu akitoka aweza kurudi? Klabu nyingi hazikubali, na mwenye kutoka kupunga upepo hulipa upya.

Tikiti na inunuliwe kwa klabu yenyewe au kwa wakala anayejulikana. Tangu Juni 2019 Japani ina sheria inayokataza biashara ya kuuza tena, kwa bei ya juu, tikiti za maonyesho zilizowekewa sharti hilo. Adhabu yake hufika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni 1,000,000, au vyote viwili. Kwa hiyo askari asinunue tikiti kwa mtu wa barabarani, hata kama bei ni tamu.

Na achague muziki kwanza, klabu baadaye. Vitabu vya zamani vya wasafiri bado humsifu ageHa, klabu maarufu ya Tokyo iliyofunguliwa mwaka 2002. Lakini ilifungwa mwaka 2022. Mwenye kufuata sifa za zamani atapoteza nauli yake.

Meza ya wakubwa

Sasa tuifungue hesabu ya V.I.P. Neno hili huwapendeza watu, kwani nani asiyependa kuitwa mkubwa? Lakini katika klabu halina maana ya cheo. Maana yake ni kukodi meza na makochi, kupita bila kupanga foleni, na kuletewa chupa nzima pamoja na barafu na vinywaji vya kuchanganyia. Hayo yote ni mema, ila bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa siyo bei atakayolipa mtu.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya klabu fulani. Meza inatangazwa kwa matumizi ya chini ya yeni 60,000. Hapo huongezwa malipo ya huduma, tuseme asilimia 20, yaani yeni 12,000, jumla 72,000. Kisha, ikiwa kodi haikuhesabiwa ndani, huongezwa kodi ya matumizi ambayo tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10, yaani yeni 7,200, jumla 79,200. Ikiwa kiingilio hakimo, watu wanne kwa yeni 3,000 ni 12,000 nyingine. Hesabu imefika 91,200, na kila mmoja atatoa yeni 22,800.

Upande wa pili, tikiti ya mapema yenye kinywaji kimoja, tuseme yeni 3,000. Kinywaji cha pili yeni 1,000. Kabati la kufuli la kuwekea koti na mkoba yeni 500. Mtu mmoja ametumia yeni 4,500. Muziki ni ule ule, taa ni zile zile, na uwanja wa kuchezea ni huo huo. Meza imemgharimu mara tano.

Je, meza haifai kamwe? La hasha. Watu wanane au kumi wakigawana meza moja, au wakiwa na mzee asiyeweza kusimama hadi alfajiri, au akina mama wanaotaka mahali pao pa kukaa bila kusumbuliwa, hapo hesabu hubadilika. Lakini kabla ya kutoa arbuni waulize kwa maandishi: Fedha hii ni matumizi ya chini, ambayo vinywaji huhesabiwa ndani yake, au ni kodi ya meza tu, na vinywaji mbali? Huduma na kodi zimo? Kiingilio kimo, na kwa watu wangapi? Meza ni yetu hadi saa ngapi? Tukishindwa kufika, arbuni hurudi? Klabu ya haki itajibu yote matano bila kununa. Isiyojibu na iachwe.

Jambo moja linawapendelea wageni: Japani haina desturi ya bakshishi. Kilichoandikwa katika hesabu ndicho kinacholipwa.

Wapiga debe wa Kabukicho

Mama ameuliza juu ya tikiti, lakini hatari kubwa haimo katika tikiti. Imo barabarani, baina ya stesheni na klabu. Katika mtaa wa Kabukicho, Shinjuku, na pia Roppongi, wapo wapiga debe wanaomfuata mgeni kwa Kiingereza kizuri: kinywaji bei chee, kiingilio bure, njoo ghorofa ya tatu. Akipanda, huletewa hesabu ya kutisha, na mlango umesimamiwa na vijana wenye mabega. Balozi za nchi za kigeni zimewaonya raia wao kwamba wapo waliotiliwa dawa katika kinywaji, wakaamka kadi zao za benki zimekwisha kutolewa fedha nyingi.

Wenyeji nao hawakunyamaza. Mwaka 2000 jiji la Tokyo lilitunga sheria ndogo dhidi ya nyumba za namna hiyo, na huko Kabukicho vipaza sauti humwonya mpita njia asiwafuate wapiga debe. Kanuni ni fupi: klabu nzuri haimtafuti mteja barabarani. Anayekuita humfuati, unakokwenda umekuchagua tangu mchana. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, wala kisiachwe peke yake.

Mambo yakiharibika, afande asirushe ngumi. Anayo bahati ya kuijua kazi ya wenzake. Japani ina vibanda vya polisi viitwavyo koban karibu na stesheni kubwa na mitaa ya starehe, na askari wake hukaa humo usiku na mchana. Aende huko, au apige simu 110. Gari la wagonjwa ni 119. Na akumbuke kwamba mtuhumiwa aweza kuwekwa mahabusi hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka. Kwa askari wa serikali, siku hizo ni mafunzo yaliyokatika na cheo kilicho hatarini. Bangi na dawa za kulevya asizisogelee hata kwa utani. Tangu Desemba 2024 hata kuitumia bangi tu, mbali na kuwa nayo, ni kosa la jinai.

Treni ya mwisho

Gharama ya mwisho husahauliwa na wengi. Treni za Tokyo hukoma kiasi cha saa 6 au saa 7 usiku, na huanza tena kiasi cha saa 11 alfajiri. Klabu nazo huchangamka baada ya saa 6. Basi anayeingia aamue mapema: ama arudi kwa treni ya mwisho, ama akae hadi ya kwanza. Anayechoka saa 9 usiku atapanda teksi, na kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri teksi za Tokyo huongeza asilimia 20. Ikiwa hosteli ya mafunzo iko pembeni ya jiji, nauli hiyo peke yake yaweza kuzidi tikiti, kinywaji na kabati kwa pamoja.

Sasa turudi kwa mama. Tunashauri kwamba kabla ya safari, mama na baba watoto wakae mezani na kalamu. Waandike: tikiti, vinywaji viwili, kabati, nauli ya treni, chakula cha alfajiri, na akiba kidogo ya teksi. Fedha hiyo iwekwe katika bahasha yake, taslimu, na usiku ule kadi ya benki ibaki hosteli. Bahasha ikiisha, dansi limekwisha. Kwa yule mwenzao anayetaka meza, amwambie tu: "Afande, tuhesabu kwanza." Mbele ya hesabu, ukubwa wa V.I.P. huyeyuka wenyewe.

Japani imetutangulia kwa saa 6. Saa 11 alfajiri, baba watoto atakapokuwa akingoja treni ya kwanza pale Shibuya, hapa nyumbani itakuwa saa 5 usiku, na huenda mama bado yu macho. Na ampigie simu hapo hapo stesheni, amweleze alivyouona mji, na amwambie bahasha imebaki na ngapi. Mabati yatanunuliwa, na safari itakuwa na hadithi ya kusimuliwa chini yake.

Tukutane juma lijalo, inshallah.