Neno la Mwezi: Mchepuo



Neno la mwezi huu ni mchepuo. (Msilichanganye na mchepuko, hicho ni kisa kingine.) Tanzania mwanafunzi husoma mchepuo wa sayansi au wa biashara. Hapa Louisville neno hili lina kazi. Wilaya ya shule za umma ya Jefferson County, yenye wanafunzi zaidi ya 90,000, ina shule ambazo Wamarekani huzifananisha na sumaku, kwa kuwa zinavuta watoto kutoka kila mtaa. Ukimwambia mzazi "shule ya sumaku", atadhani unazungumzia fizikia. Mwambie "shule ya mchepuo": shule ya umma yenye fani yake, kama sheria, sanaa au sayansi. Mzazi wa Kongo, aliyezoea sekondari zinazogawanywa kwa fani, ataelewa mara moja.

Shule hizi zina historia. Mwaka 1975 mahakama iliamuru watoto Weusi na Wazungu wa wilaya hii wasome pamoja, nao wakapandishwa mabasi kwenda mitaa ya mbali. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2000, lakini wilaya ikaendelea kwa hiari. Tarehe 28 Juni 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaukataa mpango wake wa kuwapangia watoto shule kwa kuangalia rangi. Shule ya mchepuo ilibaki kuwa njia ya kuwachanganya watoto bila kumlazimisha mtu: mzazi anavuka mtaa wake kwa sababu ya kinachofundishwa kule. Central, shule ya Weusi enzi za ubaguzi, ambako Muhammad Ali alihitimu mwaka 1960, leo ina mchepuo wa sheria.

Sasa mfikirieni mzazi aliyetoka kwetu. Tanzania mtoto hupangiwa na serikali shule ya vipaji maalumu, kama Ilboru au Kilakala, kwa matokeo ya mtihani, na akifika hulala bwenini. Hapa mzazi mwenyewe ndiye anayeomba nafasi, tena miezi mingi kabla shule hazijafunguliwa. Na bweni hakuna. Kinachomfikisha mtoto ni basi la njano.

Basi hilo ndilo lililokwama. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, njia mpya za mabasi na uhaba wa madereva vilisababisha baadhi ya watoto kufika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki. Aprili 2024 bodi ikapiga kura kuondoa mabasi katika shule nyingi za mchepuo kuanzia mwaka wa masomo 2024–25. Central na Western zikabakiziwa.

Tuwe waadilifu: wilaya haikuwa na madereva wa kutosha, na mtoto kurudi usiku ni hatari. Lakini tuulize nani alilipa gharama. Mwenye gari na kazi ya ofisini aliendelea kumpeleka mwanawe. Mama anayeingia zamu ya ghala saa kumi na moja alfajiri alilazimika kumrudisha wake shule ya jirani, hata kama mtoto alikuwa amepata nafasi kwa juhudi zake. Sheria haikumnyima haki ya kuchagua; alichokosa ni usafiri. Kuita hali hiyo chaguo la mzazi ni kulionea neno chaguo.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna la kufanya. Tukikaa na mzazi kujaza fomu, tusiishie kutafsiri majina ya michepuo. Tumsaidie kuuliza mambo matatu: mwisho wa kuomba ni lini, shule iko umbali gani, na basi lipo? La tatu liulizwe kwanza.

Mwezi ujao: zamu.