Ilimu ya Wanawake Isifungiwe Ndani ya Bando



Leo hatuzungumzii liwa wala udi. Tunazungumzia maneno matatu yanayotukera kuliko yote: "Bei njoo inboksi." Unamuona mtu anauza shela nzuri, au anapaka piko la kutia wivu, ukimuuliza bei mbele za watu anakuita chemba. Ukenda huko, kila mmoja anatajiwa bei kwa jinsi anavyoonekana kwenye picha yake. Tumelizoea mpaka tunadhani ndiyo biashara. Siyo. Hiyo ni dalili tu. Maradhi yenyewe ni kwamba intaneti, iliyokuwa njia ya kila mpita njia, imegeuzwa nyumba za matajiri watatu wanne wenye funguo, nasi tumo ndani tunashukuru.

Wengi wetu tukisema "intaneti" tunakusudia WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok. Hatukufika hapo wenyewe. Oktoba 2014 Facebook iliuleta Tanzania mpango wake wa Internet.org kupitia mtandao wa Tigo, miezi michache baada ya kuuanzisha Zambia. Mtu akiingia bure, lakini katika tovuti chache walizochagua wao. India walipoletewa kitu hicho, mamlaka yao ya mawasiliano iliyapiga marufuku mambo ya namna hiyo Februari 2016. Sisi tulipiga makofi. Na hadi leo tunauziwa bando la mitandao ya kijamii peke yake, rahisi kuliko bando la kwenda popote.

Sasa mfikirieni bi harusi aliyeko Masagati, huko ndani kabisa ya bonde la Kilombero, ukishaipita Ifakara na Mlimba. Ana simu ya kawaida na bando la WhatsApp la wiki. Shangazi yake wa Unguja anamtumia linki ya maelezo ya sheikh anayejulikana, kuhusu mahari na haki za mke. Anaibonyeza, haifunguki, kwa sababu bando lake halifiki huko. Kinachomfikia vizuri ni sauti ya dakika tatu iliyopita kwenye magrupu arubaini, hajulikani kasema nani, inayomwambia mahari ni mali ya baba yake. Na Suratun Nisaa, aya ya 4, imeamuru wanawake wapewe mahari yao! Uongo umemfikia kwa bei ya chini, ukweli umewekewa bei asiyoiweza. Nani alilipanga hivyo, na kwa ruhusa ya nani?

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa mwanzo kupiga kelele. Ilimu yetu imejengwa juu ya isnadi: nani kasema, kaipokea kwa nani. Ujumbe unaosambazwa umekatwa isnadi yake. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 2018 wakaanza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na Januari 2019 wakazuia usipelekwe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mara moja. Lakini alama haikuambii mwandishi ni nani. Ukurasa ulio wazi una anuani na jina la aliyeandika. Unaweza kurudi mwakani ukaukuta, ukamuonyesha mumeo, ukampelekea kadhi.

Tena tunayo mfano mzuri kuliko wote. Madina palikuwa na kisima cha Ruma, mwenyewe akiwauzia watu maji. Sayyidna Uthman, Allah amridhie, akakinunua akakifanya wakfu, watu wakateka bila malipo. Intaneti ya kurasa nayo ilianza karibu na hivyo: Tim Berners-Lee aliibuni mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia nzima itumie bila malipo. Yaani tulikikuta kisima kikiwa cha wote, na sasa watu wanajenga ukuta kukizunguka.

Na mwenye nyumba akifunga mlango? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Shoga yetu mmoja mpambaji aliamka siku nyingine akakuta ukurasa wake umefungwa, picha za miaka sita na wateja wote wamepotea, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Hata fomu ya malalamiko ilimtaka kwanza aingie kwenye ukurasa huo huo uliofungwa.

Serikali nayo haikutusaidia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe takriban shilingi milioni mbili na laki moja kwa maombi, leseni na ada ya mwaka. Baadaye ada zikapunguzwa, lakini mwanamke aliyekuwa akiandika mapishi na malezi kutoka jikoni kwake angezitoa wapi? Ukimtoza mtu kwa kuwa na nyumba yake, atakwenda kupanga kwa Facebook.

Tunajua mtatuambia: jamani, sisi wanawake tuna stara zetu, hatutaki kila kitu kiwe hadharani. Kweli kabisa. Picha za singo na za ndani ya harusi mahali pake ni ndani (na hata grupu la wanawake watupu, mmoja akipiga skrinshoti, limeshakuwa si ndani tena). Lakini stara ni ya mwili na ya siri za nyumba. Haki za mke katika talaka ni siri ya nani? Namna ya kujikinga na kifafa cha mimba ni siri ya nani? Matokeo ya NECTA ya watoto wetu yanawekwa kwenye tovuti, mzazi yeyote anayafungua bila kujisajili wala kutoa namba ya simu. Basi ilimu ya dini na ya uzazi ina nini?

Kwa hiyo tunataka haya. Kampuni za simu ziuze bando dogo la kwenda popote kwa bei ile ile ya bando la WhatsApp. Masheikh na makungwi wanaofundisha kwa sauti na video waandike pia, kurasa nyepesi za maneno matupu zisizokula MB, zenye jina na tarehe. Wauzaji waandike bei. Na nyinyi bi harusi wa mwaka huu, yeyote atakayewaambia "njoo inboksi," mwambieni atakapoiandika mbele za watu ndipo mtakaponunua.