Mwalimu wa Sayansi, Andika

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, aliona maziwa aliyoyaingiza kwenye jokofu yakiwa moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa baridi. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alilijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana juu yake.

Tumezoea kumsifu kijana yule, na anastahili. Mimi huwaza zaidi kalamu: lisingeandikwa, swali lile lingebaki kuwa mzaha wa bweni.

Nililikumbuka nikiwa Usagara, pale magari yanapoachana, haya Shinyanga, yale Kigongo na daraja lililofunguliwa Juni 2025. Chini ya daraja hilo ni Ghuba ya Mwanza, ambako watafiti kutoka Leiden walianza kuchunguza furu miaka ya 1970. Sangara walipofurika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, jike hushindwa kumtambua kwa rangi dume wa aina yake, na aina huanza kuchanganyikana. Hapo pana mwanga, jicho, urithi na mageuko ndani ya samaki mmoja! Lakini somo hilo limo katika majarida ya ughaibuni, na kijana aliyekula furu tangu utotoni hukaririshwa ndege wa Galapagos.

Najua udhuru. Madarasa yamefurika, na chumba kuitwa maabara hakukiletei kemikali. Hata hivyo walimu hufundisha, na wengi hufundisha kwa werevu usioingia katika ripoti yoyote.

Basi nawaalika mwandike. Somo moja latosha: ulitumia nini mahali pa kifaa kilichokosekana, jaribio lilikwama wapi, wanafunzi walisema nini. Andika kwa Kiswahili, lugha unayoikimbilia unapoona Kiingereza cha kitabu kimewaacha njiani. Afisa elimu naye asijifiche. Aeleze anachokiona akifika shuleni bila taarifa. Nitakachosahihisha ni tahajia tu.

Na kama yupo mwanafunzi aliyekuuliza jambo ukamwambia amechanganyikiwa, anza na huyo.