Wazee Wasiachwe Kitini

Mwezi huu nanena juu ya wazee wetu wa nyumbani, hasa wale ambao watoto wao wamewawekea kiti barazani na kuwaambia, "Bibi, kaa hapo, usije ukaanguka." Neno hilo hutoka katika upendo, lakini miguu isiyotumika hulegea, na siku atakapoinuka peke yake ndiyo siku ya kuanguka. Na huku Umatengoni, ambako kila njia yapanda au yashuka, mzee aliyevunjika nyonga ni msiba wa nyumba nzima.

Watu hudhani kutembea ni kazi ya miguu tu, kumbe akili nayo imo. Mwaka 1997 wataalamu wa Umeå, katika nchi ya Uswidi, walitoa habari za wazee 58 waliozungumzishwa huku wakitembea. Wazee 12 walisimama kwanza ndipo wakajibu. Kati ya hao 12, watu 10 walianguka katika miezi 6 iliyofuata. Maana kutembea na kusema kwa mara moja kulikuwa kumewalemea.

Je, mzee aweza kufundishwa tena kazi hizo mbili? Huko Geneva, Uswisi, walijaribu kwa wazee 134, wote wamepita miaka 65. Walitembea kwa kufuata piano. Muziki ukigeuka, nao wakageuza hatua. Walifanya hivyo saa moja kwa juma, miezi 6. Habari zilizochapishwa mwaka 2011 zasema walianguka kadiri ya nusu tu ya wenzao ambao zamu yao ilikuwa bado. Njia hiyo ilianzishwa na mwalimu wa muziki wa mji huo, Émile Jaques-Dalcroze, aliyefariki mwaka 1950.

Niliposoma hayo, mara nikawaza mganda. Watu wa pwani ya Nyasa waujua: wanaume katika safu kama askari, kwani mchezo huu uliiga kwata ya vita vya 1914 hata 1918. Ngoma ikibadilika, hatua hubadilika, na asiyesikiliza huonekana upesi! Kadhalika kioda ya akina mama: lazima mtu aimbe, asikie ngoma, akumbuke hatua, wala asimkanyage mwenzake. Wazee wengi walicheza hayo ujanani, na hatua hawajazisahau. Wako wanaochukia ngoma kwa sababu ya pombe na kukesha. Basi, ichezwe uani saa kumi alasiri, na pombe ibaki huko iliko.

Mtoto mmoja apige ngoma polepole. Mzee aende hatua nane, ageuke ngoma inyamazapo. Akizoea, mapigo yabadilishwe bila kumwonya. Kisha ataje majina ya wajukuu wake huku akitembea. Hapo ndipo utakapomwona anasita, wala msimcheke. Mtu mwenye nguvu awe kando yake, na uwanja uwe mkavu, bila mawe. Mwenye kizunguzungu, au aliyeanguka karibuni, apelekwe kwanza zahanati. Asiyeweza kusimama na apige hatua akiwa ameketi.

Mara moja kwa juma yatosha kuanza. Ila waalimu, mchagueni vema mpiga ngoma. Watoto wetu hupenda mno kuharakisha.