Nani atawaandika mashujaa wa vijijini?

Tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Vita vya Maji Maji mjini Songea. Katika taarifa za mkoloni hao ni waasi tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona vita vile. Ndipo ikafahamika wazi kwamba "waasi" wa Umatumbi walianza kwa kung'oa pamba waliyolimishwa kwa shuruti. Wazee hao wamekwisha fariki. Wamebaki wajukuu, nao wana mvi, wenye kusimulia njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Maafisa Utamaduni wa Ruvuma, Lindi na Pwani wasingoje sherehe za Februari. Waende sasa, na madaftari.